Mushagalusa Hapigi Hodi

Rafiki yangu Mushagalusa, fundi plasta wa Bukavu, siku hizi hapigi hodi kwangu. Anasimama tu mlangoni, na tumbo lake lote lile, mpaka nimuone. Nilipomtania, alinieleza kisa chake.

Kule Muganza, ndani ya machimbo ya zamani, watafiti walijenga nyumba ya majaribio chini ya mwamba, wajue watu wataishije kwenye sayari ya Mars, ambako hewa ya nje haivutiki. Chumba kimoja, na mlango mmoja wa chuma usiopitisha hata pumzi ya mbu.

Saa ya chakula, Mushagalusa, aliyekuwa akipiga plasta humo, akarudi ndani peke yake kuchukua mwiko wake wa plasta aliousahau.

"Papa, fanya mbio, sombe inapoa!" injinia Umuhire alimwitia kutoka nje.

Alipouokota tu, umeme ukakatika. Mlango ukajifunga. Mashine ya hewa ikanyamaza.

Giza lile, anasema, lilikuwa linamgusa usoni. Akagonga mlango kwa mwiko. Akagonga tena, hewa ikianza kupungua, na kwa mazoea ya muntu aliyelelewa vizuri akaropoka: "Hodi! Hodi jamani!" Akajicheka: nani anapiga hodi ili atoke?

Nyuma yake, kwenye ukuta alioupiga plasta asubuhi, kitu kikakwaruza polepole, kama mwiko mwingine. Kisha ndani ya mwamba sauti ya mama mmoja, ya upole kabisa, ikamjibu:

"Karibuni. Mwote wawili."