Mbuzi Watatu Mlangoni kwa Mama Wanza

"Mwalimu, mbona mlango wako hauna kitasa?"

Asenath aliniuliza hivyo mbele ya darasa zima, kalamu mkononi, nami nikababaika kama mtoto wa darasa la kwanza. Alikuwa ametumwa na wafadhili kutathmini darasa letu la uchoraji pale ukumbini Shauri Moyo. Wiki kumi na mbili zilikuwa zimekwisha. Akiandika kwamba tumefaulu, tunapata mwaka mwingine. Akiandika vingine, rangi zinarudi kwenye katoni na watu ishirini na wawili wanaenda nyumbani.

"Nimesahau," nikasema.

"Umesahau kitasa?" Mbinya akadakia kutoka nyuma. Huyu Mbinya ni fundi wa cherehani, na mdomo wake hauna breki. "Na sisi ulitutesa wiki nzima na bawaba!"

Watu wakacheka. Mimi nilitazama picha yangu tena. Mlango wa nyumbani kwetu, umechorwa kutoka ndani, umefungwa, hauna kitasa. Naapa sikuwa nimeona.

Mpango wetu wa tathmini ulikuwa hivi. Siku ya kwanza kila mtu, hata walimu, alichora mlango wa nyumbani. Hakuna kufundishwa, hakuna kuchungulia kwa jirani. Picha ikafungwa kwa karatasi ya kaki, jina juu, ikafungiwa kabatini. Siku ya mwisho unachora mlango tena, halafu karatasi inachanwa na picha zote mbili zinatundikwa bega kwa bega. Hapo hata asiyejua kusoma anajionea ametoka wapi.

Mpango huo niliuandika na Bedan Gichuru, kwenye kibanda chake cha viatu pale Kariokor, yeye akishona ngozi na mimi nikiandika. Tulikuwa walimu wawili. Tulikuwa zaidi ya walimu, acha niseme ukweli. Kisha wiki ya tatu, mara tu baada ya Pasaka, akanitumia meseji moja.

"Nimeelewa. Nakutakia mema."

Basi. Mwanamume mzima. Nami nikamjibu neno moja: "Sawa." Kutoka Shauri Moyo hadi Kariokor ni mwendo wa miguu tu, ningeenda kumuuliza ameelewa nini. Lakini mimi nimfuate mwanamume? Mimi Mutheu? Nilikaa na hasira zangu nikazilea.

Simu ikatetemeka mfukoni. Haikuwa Bedan. Ilikuwa Nzau.

"Kesho saa nne kamili tunafika kwenu na wazee. Vaa ile nguo ya kijani. Jumatatu nitatia sahihi fomu yenu."

Nzau ni mwenyekiti wa kamati ya ukumbi. Funguo anazo yeye, na bila sahihi ya mwenyekiti ile fomu ya tathmini haiendi popote. Hajawahi kunitisha hata siku moja, angalau ningekuwa na la kumshtakia. Yeye husema tu kwa upole, "Mke wangu hawezi kukosa ukumbi." Mengine unajimalizia mwenyewe. Bedan alipopotea ni Nzau huyohuyo aliyeniletea chai na kuniambia, "Pole. Nasikia amepata msichana wa kwao."

Na kesho analeta ntheo. Kwetu Wakamba, wale mbuzi watatu wakishapokelewa, wewe ni mke wa mtu. Harusi ya kanisani inaweza kungoja hata miaka, lakini mbuzi wamekwisha kusema.

Asubuhi hiyo nilikuwa nimejaribu.

"Mama, simpendi."

"Mapenzi utayakuta huko ndani," mama akajibu, akipanga vikombe. Mama yangu anaitwa Wanza na akishaanza kupanga vikombe humrudishi nyuma. "Una miaka thelathini na moja, Mutheu. Wazee wameshaalikwa. Usiniaibishe."

Kwa hiyo mjue nilivyokuwa siku ile. Nikimkataa Nzau, darasa linakufa na mama haniongeleshi. Nikimkubali, mimi ndiye ninayekufa polepole. Kitasa ningekitoa wapi?

Asenath alizunguka akichana karatasi za kaki. Kila mlango ukilinganishwa, watu wanashangilia. Mlango wa kwanza wa Mbinya ulifanana na sanduku. Wa pili ulikuwa na kivuli, mikwaruzo, hata pazia lililochanika.

"Kabla ya darasa ulikuwa unaweza nini?" Asenath akamsomea swali la fomu.

"Kushona na kunung'unika."

"Na sasa?"

"Nikitazama kitu nakiona," Mbinya akasema, safari hii bila mzaha.

Ikabaki pakiti moja mezani. Asenath akasoma jina.

"Bedan Gichuru. Huyu yuko wapi?"

"Aliacha," nikasema haraka. "Hana picha ya pili. Hakuna cha kulinganisha, weka tu kando."

"Hapana, Mwalimu. Aliyeacha ndiye ninayemtaka zaidi. Darasa zuri namna hii, mtu anaacha kwa nini? Fungua."

"Si lazima."

"Ni lazima. Iko kwenye mpango wenu wenyewe, ukurasa wa pili."

Tena nakumbuka nilivyouandika huo ukurasa, nikijiona hodari. Nikachana karatasi.

Ulikuwa mlango wa buluu, na kipande cha bati pale chini panapovuja mvua. Haukuwa mlango wa kwao Bedan. Ulikuwa mlango wa mama yangu. Na mbele yake walikuwa wamefungwa mbuzi watatu, mmoja mweupe mwenye sikio moja jeusi, wamechorwa vibaya mpaka unawahurumia. Pembeni, kwa penseli: "Desemba."



"Woi!" Mbinya akasimama. "Si huo ni mlango wa kina Mwalimu? Na hao mbuzi ni watatu! Bedan, Mkikuyu, alikuwa amekwisha kuuliza idadi ya ntheo!"

Nilitoka nje. Nilisimama nyuma ya tangi la maji, nikapiga namba ambayo nilijiapiza sitaipiga.

"Haloo?"

"Gichuru, umenichorea mbuzi halafu ukanikimbia. Nieleze."

Nilisikia nyundo za Kariokor zikigonga ngozi huko nyuma yake.

"Mwalimu," akasema hatimaye, "mke wa mtu hanipigii simu kuniuliza hivyo."

"Mke wa nani?"

"Wa Nzau. Si mlipokea ntheo Pasaka?"

"Ntheo gani? Ntheo ni kesho!"

"Mutheu, usinichezee."

"Nikuchezee nini? Kesho saa nne! Mama amepanga vikombe tangu asubuhi! Nani alikuambia Pasaka?"

"Yeye mwenyewe. Alinitumia picha. Ngoja."

Simu ikalia. Picha ilikuwa ya mlango wetu wa buluu na mbuzi watatu wamefungwa kwenye nguzo. Chini yake Nzau alikuwa ameandika: "Hii ndiyo ntheo ya Mutheu. Wewe ni Mkristo. Heshimu mke wa mtu."

Niliwajua wale mbuzi mara moja. Walikuwa mbuzi wa kanisa, wa karamu ya Pasaka. Kanisa halina uwanja, kwa hiyo mama aliombwa wakae kwetu siku mbili. Walinilia kamba ya nguo, washenzi wale.

"Bedan, hao walikuwa wa kanisa."

Nilisikia akiweka kitu chini.

"Bedan?"

"Niliona mchoro wangu mwenyewe kwenye picha ya mtu mwingine," akasema, na sauti yake ilikuwa imekatika. "Mlango uleule, mbuzi watatu. Nikajua nimechelewa. Nikasema nikutakie mema nisikuletee shida."

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Kwa nini wewe uliniandikia 'sawa'?"

Hapo alinipata. Nikalia, na nasema bila aibu, nililia nikiegemea tangi la maji mchana kweupe.

"Nije kesho?" akauliza. "Nije niseme mbele yao?"

"Usije. Ukija watasema ni wewe umenipotosha, na Nzau atapona. Nitasema mwenyewe."

"Na darasa? Ukumbi ni wake."

"Ndilo linaloniua," nikasema. "Wale watu ishirini na wawili."

"Watu gani hao?" Ilikuwa Mbinya. Alikuwa amesimama karibu na bomba, sijui tangu lini, brashi ingali mkononi. "Sisi? Mwalimu, nani alikutuma uolewe kwa niaba yetu? Mimi nilikuja kujifunza kuchora mlango. Sikuomba mtu afungiwe ndani yake."

Usiku ule nililala vibaya, na asubuhi nikavaa nguo nyeusi.

Saa nne wakaja. Nzau alikuwa na suti ya rangi ya majivu, wazee wawili na mbuzi watatu wanono kuliko wa kanisa. Mama alinitazama ile nguo, akanibana mkono. "Mutheu. Tafadhali."

Mjomba Kisilu ndiye msemaji wa ukoo wetu. Anaongea polepole na hapendi kurudia. Watu walipokwisha kuketi, akaniita katikati.

"Mutheu, hawa wageni unawajua? Tuwapokee mbuzi wao?"

"Mjomba, naomba kwanza nimuulize mgeni swali moja."

Mama akafumba macho.

"Uliza."

"Nzau, hii ni ntheo ya kwanza au ya pili?"

Akacheka kidogo, kwa upole wake uleule. "Ya pili vipi, mpenzi? Si leo ndiyo tunaanza?"

"Basi Pasaka ulileta nini?"

Ule upole ukaganda usoni. Nikampa Mjomba simu. Alivaa miwani, akasoma yale maneno kwa sauti, neno moja moja: "Hii ndiyo ntheo ya Mutheu. Wewe ni Mkristo. Heshimu mke wa mtu." Wazee wa Nzau wakageuka kumtazama kijana wao.

"Wanza," Mjomba akamwita mama, "njoo utazame. Hawa mbuzi ni wa nani?"

Mama alitazama picha muda mrefu.

"Wa kanisa," akasema.

"Ulikuwa umepokea ntheo Pasaka?"

"Sijapokea chochote, kaka. Mimi niliwapa maji tu."

"Mjomba, ni mambo ya vijana," Nzau akaanza. "Yule Bedan alikuwa anamsumbua. Nilikuwa namlinda."

"Huyo Bedan alikuwa anakusumbua, Mutheu?"

"Alikuwa ananipenda, Mjomba. Na mimi nilikuwa nampenda. Na huyu akaniambia amepata mwingine, akaniletea na chai."

Mjomba Kisilu alivua miwani. "Kijana, ulijitangazia mke kwa mbuzi wa karamu ya Bwana?"

Nzau akasimama. Sasa upole haukuwepo. "Mutheu, fikiria vizuri. Jumatatu ukumbi utafunguliwa na nani?"

Nilikuwa nimeliogopa swali hilo miezi miwili, na kumbe lilipofika lilikuwa swali tu.

"Sijui," nikasema. "Lakini mbuzi wako usiwaache hapa."

Nilidhani mama atanifokea. Yeye alisimama, akaenda nguzoni, akaanza kufungua kamba za mbuzi mwenyewe. Alikuwa na hasira, na haikuwa hasira juu yangu.

"Chukua," akamwambia Nzau. "Na usirudi kwa mlango huu."

Jumatatu tukakuta kufuli jipya ukumbini, kubwa kama andazi. Tulisimama nje na brashi zetu. Nikampigia Asenath nikiwa nimeshajiandaa kwa mabaya.

"Mwenyekiti hatatia sahihi," nikamwambia. "Na ukumbi amefunga."

"Fomu yangu inataka sahihi ya mwakilishi wa jamii," akasema. "Nyinyi ndio mliompa kazi hiyo kwa mazoea, kwa sababu ana funguo. Wanafunzi wamechagua kamati yao?"

"Hawana kamati."

"Basi wachague. Nangoja kwenye simu."

Mbinya alichaguliwa pale pale kwenye vumbi, hakuna aliyempinga, nadhani kwa kumuogopa. Asenath alipotuletea fomu, Mbinya akatia sahihi kwa brashi, herufi kubwa za buluu. Kwenye sehemu ya changamoto Asenath aliandika: "Ukumbi." Kwenye mapendekezo akaandika: "Darasa lifanyike nje, milangoni mwa watu." Tangu hapo ndivyo tunavyofanya, mtaa kwa mtaa, na Bedan amerudi kufundisha vivuli. Kuchora mbuzi bado hajui.

Desemba alikuja na wazee wake wa Kikuyu, wamejifunza salamu za Kikamba wakizitamka vibaya. Mbuzi walikuwa watatu. Wawili wa kawaida, na mmoja mweupe mwenye sikio moja jeusi.

"Huyu ulimtoa wapi?" nikamnong'oneza.

"Usiulize. Nimezunguka masoko manne. Wenye mbuzi wanadhani nina wazimu."

Mama alikuwa amefungua mlango wa buluu wazi kabisa na kuuzuia kwa jiwe. Mjomba Kisilu akanisimamisha katikati, akavaa miwani, akawatazama wale mbuzi kwa makini mno.

"Wanza, hawa ni wa kanisa?"

"La, kaka. Hawa ni wetu."

"Mutheu, wageni hawa unawajua? Tuchinje?"

Nilimtazama Bedan. Alikuwa ameshika kamba ya yule mweupe kwa mikono miwili, kana kwamba kuna mtu angemnyang'anya.

"Nawajua," nikasema. "Chinjeni. Lakini huyo mwenye sikio jeusi mniachie."