Habari ya Mlima Mmoja

Ndugu zangu mnaopenda kusema "hayo ni ya huko kwao," sikilizeni yaliyompata mwalimu Yohana enzi za Mdachi, Mjerumani akitawala.

Jioni moja alikuwa barazani kwake, katika kijiji cha misheni juu ya Morogoro, akila maharage na mkewe Cecilia, moyo umetulia. Yohana alifundisha watoto kusoma, tena kila mwezi aliliandikia habari za Uluguru gazeti la Kiswahili lililochapwa pwani. Sifa hiyo ilimlevya kidogo, tusifichane.

Akaja Rosa, binti wa dada yake Regina, akihema kwa kupanda mlima.

"Tumsifu Yesu Kristo, mjomba."

"Milele amina. Kuna nini?"

"Jumbe wetu anafungia wanawake. Mwanamume akikimbia shamba la pamba la serikali, mkewe anatiwa kwenye banda la mbuzi mpaka mume arudi. Baba amekimbia juzi. Andika, mjomba, wakubwa wasome kabla mama hajachukuliwa."

Yohana alishtuka. Lakini alipoishika kalamu, ukubwa ukamwingia. Gazeti linasomwa Tanga mpaka Tabora. Jumbe mmoja wa mlima mmoja anawahusu nini?

"Hiyo ni habari ya kijiji, mwanangu," alisema. "Gazeti linataka mambo ya nchi nzima. Nitakuja niseme na jumbe mwenyewe."

"Haya, mjomba," Rosa alijibu, akateremka peke yake.

Yohana hakwenda. Mwezi ule aliandika juu ya gwaride la askari mjini, bendera na tarumbeta. Unaona, msomaji? Tarumbeta zilipata nafasi.

Masika yakashuka. Regina akafungiwa bandani pamoja na wanawake wengine, na asubuhi moja ukuta wa udongo uliolowa ukawaangukia. Yohana alipofika, watu walikuwa wakifukua kwa majembe. Akamwona dada yake akitolewa, matope mdomoni. Akakaa chini kwenye mvua. Kwa Waluguru mjomba ndiye kinga ya watoto wa dada yake, na kinga hiyo ilikuwa imekaa nyumbani ikiandika tarumbeta.

Siku ileile aliandika yote, na gazeti likayachapa. Toleo lililofuata lilimtisha zaidi: watu wa wilaya tatu za mbali waliandika kwamba kwao nako wanawake hufungiwa vivyo hivyo, na kila mmoja alidhani ni mambo ya kwao tu. Jumbe akaondolewa.

Yohana akampelekea Rosa lile gazeti. Rosa hakulipokea.

"Kumbe ilibidi mama afe ndipo awe habari, mjomba."

Yohana akalikunja lile gazeti, akapanda mlima peke yake.

FUNZO

Mdharau mwiba, mguu huota tende. Dhuluma haianzii nchi nzima. Huanzia kwa jirani, mahali tunapoona ni padogo. Ukiijua, itangaze mtu angali hai. Usimpimie mwenzako uzito wa kilio chake.