Ua la Kornelia

Mnada wa Mbulu ulifurika siku ile. Violeth, sweta lake la zambarau limefungwa hadi shingoni kwa baridi, alikuwa akichagua vitunguu, mara akakumbwa na kijana mrefu aliyekimbia kumkwepa fahali huku amekumbatia chungu cha ua.

"We kaka! Unaua watu kwa ajili ya ua?"

"Nisamehe, dada. Hii ni okidi, nimetoka nayo nyumbani Morogoro."

Hasira zikayeyuka palepale. Violeth naye alikuwa na okidi ishirini na tatu kwenye kibanda cha nyavu nyuma ya nyumba, zote watoto wa ua moja jeupe la marehemu mama yake, Kornelia. Mama alikuwa amemwambia, "Hili ndilo utakaloshika siku ya harusi yako." Kijana alijitambulisha kuwa Dionis, mtaalamu wa maabara aliyepangiwa kazi Mbulu mwezi uliopita. Wakapeana namba, na kabla ya wiki tatu kwisha walikuwa wakiitana mpenzi.

Jumapili moja Dionis alifika na chungu kilekile.

"Likae kwako, wewe ndiye fundi. Ila ona, chini ya jani lina doa jeusi. Nadhani ni fangasi. Litenge kwanza."

"Doa hilo? Hata pua yako ina kubwa zaidi!"

Jamani! Kijijini kwao Tumati, ng'ombe mgeni haingizwi zizini siku ileile. Hufungwa peke yake, aangaliwe kwanza. Violeth alilijua hilo tangu anatambaa. Lakini ua la mpenzi, ataliwekaje nje peke yake? Aliliweka ubavuni pa ua la mama, majani yakagusana, akayamwagilia yote kutoka juu.

Jioni Dionis akapiga simu.

"Umelitenga, mama?"

"Mbali kabisa, baba. Hata salamu hazifiki!"

Akakata simu akicheka, akayapiga picha maua mawili kichwa kwa kichwa na kuiweka kwenye status. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Ukungu ulitanda siku tisa bila jua. Siku ya kumi aligusa jani la okidi ya pembeni, likadondoka lenyewe. Shina lilikuwa jeusi, laini, lina harufu ya viazi vilivyooza. Kufikia Ijumaa zilikuwa zimekufa saba. Violeth akashika simu.

"Umeniletea kifo nyumbani, Dionis! Ulijua lina ugonjwa!"

"Pole sana, Violeth." Simu ikakatika.

Hakupiga tena. Kila asubuhi Violeth aliingia kibandani akihesabu mizoga. Kumi na moja. Kumi na sita. Aliwaambia wanakwaya wenzake kwamba yule mgeni ni mkosi, wakamwitikia, naye akarudi nyumbani akijichukia. Ua la mama lilisimama bado. Mpaka Jumanne, alipoona doa lenye majimaji katikati kabisa, kwenye moyo wa mmea.

Alipiga simu akilia. "Njoo. Sina mwingine wa kumwita."

Dionis alifika amevaa koti la kazi, mkononi kisu na chupa ya spiriti.

"Kabla hujagusa," Violeth alisema, "nilikudanganya. Sikulitenga."

"Najua. Niliona picha."

"Tangu siku ileile? Na ukaniacha nikutukane?"

"Nilikasirika. Nikasema nisubiri useme mwenyewe. Nimekosa, mpenzi. Ningekuja mapema pengine tungeokoa hili."

Violeth alivuta jani la katikati taratibu. Moyo wote wa mmea ukang'oka, ukabaki mkononi mwake, unachuruzika maji meusi. Alilia kwa sauti, kama siku ya msiba wa mama.

Walichoma zote nyuma ya nyumba, ishirini na tatu pamoja na ua la mama, na chungu cha Morogoro juu yake.

"Siku ya harusi nitashika nini mimi?" aliuliza, macho kwenye moto.

"Shika mkono wangu. Nakuomba, Violeth. Nikuoe?"

Mkono ulikuwa umeshanyooshwa, mweusi kwa uozo hadi kwenye kiwiko. Violeth aliutazama. Kisha akachukua chupa ya spiriti, akafungua kizibo.

"Utanioa," alisema. "Lakini nawa kwanza."