Dumu la Alizeti Lililomchafua Mama Upendo

Shilingi elfu saba! Mkasa huu wote, wasomaji wenzangu, ulianzia kwenye elfu saba ambayo sikutaka kuitoa. Nilichokilipa baadaye sijui hata nikitajie bei gani.

Nina miaka arobaini na minne, mjane, nauza kuku wa kienyeji hapa Singida mjini. Wananiita Mama Elia. Ukinitajia bei nacheka kwanza, halafu ndiyo tunaanza kuongea. Chenji nahesabu mara mbili, hata ikitoka kwa mchungaji.

Starehe yangu ilikuwa moja tu: waini nyeupe ya Dodoma, ile ya bei ya chini kabisa dukani. Kila Jumapili mchana mimi na shoga yangu Mama Upendo, jirani yangu wa miaka kumi na sita, tulichanga nusu kwa nusu. Friji hatuna. Chupa tuliizungushia gunia bichi, tukaisimamisha kwenye chungu cha maji kivulini, upepo wa Singida ukamaliza kazi. Tulikunywa kwa vikombe vya chai ili wapita njia wasitusumbue... Tone la mwisho tuligawana kwa kijiko! Nani aliwahi kufurahi kwa hela ndogo kama sisi?

Upendo, binti yake, akapata mchumba wa Kiomboi. Kwenye kamati ya sendofu, sherehe ya kumuaga binti, Mama Upendo mwenyewe alisimama akasema, "Vinywaji mpeni Mama Elia. Huyo, muuzaji akimwona tu anashusha bei kabla hajasalimiwa!" Watu wakacheka. Mimi nikavimba kichwa.

Nikampata mtu Dodoma anayetengeneza waini na kuuza kwa lita, nusu ya bei ya dukani. Ila upeleke chombo chako. Dumu jipya la lita ishirini lilikuwa elfu saba. Na uani kwangu kulikuwa na dumu tupu la mafuta ya alizeti... Nililiosha kwa maji ya moto na sabuni ya unga, nikasuuza mara tatu. Nikanusa. Bado lilinukia alizeti kwa mbali. Nikajiambia, kwani Singida nzima si inanukia alizeti?

Dereva wa lori niliyemtuma alilifungua, akakunja uso. "Mama Elia, hili limeshiba mafuta. Nunua jipya."

"Wewe endesha lori," nikamjibu.

Likarudi limejaa. Sikuonja, nisije nikalipunguza! Nikalipeleka moja kwa moja kwa Mama Upendo, likakaa kwake siku mbili.

Siku ya sendofu aliwamiminia wakwe kwa mkono wake mwenyewe. Mama mkwe akainua glasi kwenye mwanga. Juu yake vilielea viduara vya mafuta... na povu la sabuni pembeni! Akauliza kwa sauti iliyofika mlangoni, "Mama, hii ni ya kunywa au ya kukaangia?"

"Leteni na mayai basi!" akadakia shangazi mtu.

Ukumbi mzima ukacheka. Upendo akainamisha kichwa, wanja ukamchuruzika mashavuni.

Bado ningeweza kusema. Wiki iliyofuata tulikutana kuvunja kamati, mwenyekiti akauliza dumu lile lilikuwa la nani. Mama Upendo alilijua. Amelikuta uani kwangu mara ngapi? Alinitazama tu, akinisubiri.

Nami nikasema nini? "Mimi nilikabidhi waini safi. Imekaa kwake siku mbili, jikoni, karibu na mafuta."

Hakubisha. Aliniuliza taratibu, "Shoga... na mimi umeniuza bei gani?"

Tangu hapo huko Kiomboi wanamwita Mama Mafuta. Mwaka huu Upendo amejifungua, mama yake akaenda kumhudumia. Hakuruhusiwa kukoroga hata uji! Eti atatia nini humo? Bibi mzima amekaa siku tatu kwenye kiti kama mgeni, akarudi na kanga zake hazijafunguliwa. Mimi ananisalimia bado, ila kama anavyomsalimia mtoza ushuru.

Wenzangu, waini ya bei ya chini msiionee aibu. Ni tamu, na gunia bichi linatosha. Lakini nunueni dumu jipya. Na ukikosea, sema siku ile ile, usimwachie mwenzako abebe. Mimi nimelikalia neno moja hadi limekuwa zito kuliko dumu lenyewe.

Leo ni Jumapili. Nimenunua chupa kwa hela yangu peke yangu, sikuomba kupunguziwa hata mia. Iko kwenye chungu. Vikombe viwili nimeviosha, na nauli ya Kiomboi nimeihesabu mara mbili. Nianzie wapi? Nibishe hodi kwa Mama Upendo, au nitangulie kwa wakwe nikawaambie dumu lilikuwa langu, ndipo nimtazame usoni? Nishaurini upesi... gunia linakauka.