Mgeni wa Pazia Jeupe

Kikaragosi cha mzee hakikuwa na kiungo shingoni. Mkasi ndiye aliyekikata kwenye karatasi ngumu ya boksi, kichwa na kiwiliwili kipande kimoja, viungo viwili tu vya waya, begani na kiunoni. Kwa hiyo kivuli cha mzee kilipogeuza shingo polepole juu ya pazia na kutazama upande aliokaa yeye, alidhani taa imecheza.

"Usiitikise taa," akamwambia mumewe.

"Sijaigusa," mumewe akajibu.

Mkasi akashusha kijiti, akakipapasa kikaragosi shingoni. Kilikuwa kizima. Akasema moyoni ni uchovu, wakaendelea.

Ilikuwa saa nane mchana na nje jua lilikuwa la kupasua mawe, lakini ndani ya stoo yao, walimofanyia mazoezi, giza lilikuwa kama la ndani ya chungu. Dirisha walikuwa wameliziba kwa mablanketi mawili na chini ya mlango wamesokomeza matambara, maana vivuli havitaki hata ufa. Katikati ilisimama fremu ya mbao yenye shuka jeupe lililovutwa likakaza, ukubwa wake kama dirisha la kawaida, na nyuma yake taa moja. Onyesho lenyewe lilikuwa dogo, la watazamaji ishirini wa kukaa karibu karibu. Tamasha la vikaragosi lilikuwa limebakiza siku tisa. Miaka mitatu walikuwa wakiomba nafasi na kukataliwa, na mwaka huu ndio walikubaliwa.

Mkasi lilikuwa jina la utani tangu shuleni, kwa sababu ukimpa karatasi atakukatia hata nzi akakaa na mbawa zake. Mumewe mtaa mzima ulimwita Seremala. Yeye ndiye aliyeunda fremu na kuangalia taa. Sauti zote zilitoka kwa mama yake Seremala, mjane aliyeishi nao, mwenye koo lililobeba watu kumi. Kabla ya vikaragosi, mama huyo na mke wa mwanawe hawakuwa na mengi ya kuambiana zaidi ya habari za asubuhi na leo chumvi imezidi. Mchezo ndio uliowapatanisha. Siku hizi walicheka pamoja mpaka Seremala akawa analalamika kwamba yeye ndiye kaolewa humo ndani.

Na mchezo wenyewe ulikuwa wa kuchekesha. Mzee mchoyo anakula na mkewe, mara mgeni mwenye miguu mirefu anabisha hodi. Mzee anajificha chini ya meza, anabana pumzi. Hodi ya pili, bado kajificha. Hodi ya tatu adabu inamshinda, anasema kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino, "Karibu, pita ndani." Hapo ndipo watazamaji wangevunjika mbavu.

Kesho yake wakalirudia tukio hilo. Mkasi alikuwa ameshika mzee kwa mkono mmoja na mkewe kwa mkono wa pili. Kikaragosi cha mgeni kilikuwa mezani, kinangoja zamu yake.

"Hodi," mama mkwe akasema kwa sauti ya mgeni, nyembamba, ya puani. Akarudia. "Hodi wenyewe."

Kisha ikaja ya tatu.

"Hodi."

"Karibu, pita ndani," mama mkwe akaitikia palepale, kwa sauti ya mzee.

Taa ikafifia, ikarudi. Stoo ikajaa harufu ya udongo uliopigwa na mvua ya kwanza, na mvua ilikuwa haijanyesha miezi minne.

"Mama," Mkasi akasema kwa sauti ya chini, "hiyo hodi ya tatu umeibadilisha. Imekuwa nzito."

"Ya tatu sikuisema mimi. Nilidhani ni wewe unanisaidia."

"Mimi sijafungua mdomo."

Wote wawili wakamgeukia Seremala. Alikuwa amekaa nyuma ya taa, kidole juu ya swichi, macho kwenye pazia. Mkasi akayafuata macho yake. Juu ya pazia alikuwapo mzee, alikuwapo mkewe, na katikati yao palikuwa na kivuli cha tatu, kirefu kiasi cha kuinama ili kichwa kitoshe ndani ya fremu.

"Zima taa," mama mkwe akanong'ona.

Akazima. Haikusaidia kitu, kwa sababu ndani ya giza lile wote watatu walimsikia akivuta kigoda na kukaa.

Mkasi hakukumbuka baadaye nani aliyeng'oa mablanketi. Mwanga ulipoingia, stoo ilikuwa stoo tu, na makopo ya rangi na vumbi la mbao. Ila kigoda kilichokuwa kimeegemea ukuta kilikuwa kimesogea hadi kugusana na kiti cha Seremala.

"Panya," Seremala akasema, na akajaribu kucheka.

"Panya gani anayejua kubisha hodi?" mama yake akamuuliza.

Jioni hiyo Seremala alisema anahisi baridi. Asubuhi alikunywa chai inayotoka moshi kama anayekunywa maji ya mtungi. Siku iliyofuata randa ilimtoka mkononi, akaiacha pale ilipoanguka, akaenda kukaa kitandani. Hakuwa na homa. Ngozi yake ilikuwa ya ubaridi wa sakafu, na kila chumba alichoingia kilibaki na ile harufu ya udongo mbichi.

Siku ya nne Mkasi alimpelekea uji, adhuhuri, dirisha wazi, akamkuta amekaa ukingoni mwa kitanda mikono mapajani, ametulia kama mtoto aliyeambiwa asiguse kitu, na alipoinama kuweka bakuli akaona ukutani kivuli cha kitanda, na kivuli cha bakuli, na kivuli cha mkono wake mwenyewe, na kivuli cha mumewe, ambacho hakikuwa kimekaa bali kimesimama, kirefu, kimeinamisha kichwa chini ya dari, na kilipojua kwamba kinatazamwa kikageuza uso kumwelekea, taratibu, kwa adabu, kama mtu anayempisha mwenye nyumba.

"Usimtazame sana," Seremala akasema, midomo haichezi. "Anapenda kutazamwa."

"Ni nani?"

"Sijui. Amekaa mahali pangu. Usiku na mchana ananiuliza majina yenu."

"Umemwambia?"

"Bado," mumewe akasema. "Lakini nimechoka, mke wangu. Anauliza vizuri mno."

Mkasi alitoka chumbani kinyumenyume. Jikoni alimkuta mama mkwe tayari amejifunga kitambaa kichwani, amevaa viatu.

"Nimesikia," mama mkwe akasema. "Naenda kwa Bi Mkunga."

Bi Mkunga alikuwa ameacha kuzalisha lakini hakuwa ameacha kuitwa. Watu walimfuata pale sindano iliposhindwa. Alikuja mikono mitupu, bila mkoba wala chupa, akaingia kwa Seremala, akakaa naye kitambo mlango umefungwa. Alipotoka, uso wake ulikuwa wa mtu aliyehesabu akakuta pungufu. Akaomba aoneshwe stoo. Aliipapasa ile fremu kwa kiganja, juu, kando, akanusa vidole.

"Mbao hizi zimetoka wapi?"

"Alizitoa kwenye nyumba iliyovunjwa," Mkasi akasema. "Zilikuwa kavu, hazina hata tobo la mchwa. Alisema zilikuwa fremu ya mlango wa chumba cha ndani. Mlango wenyewe ulikuwa umepigiliwa misumari."

"Mtu hapigilii misumari mlango kwa kucheza. Kuna aliyefungiwa, mkamfungulia, mkamwekea na pazia." Bi Mkunga akafuta vidole kwenye nguo. "Lakini kufunguliwa si kukaribishwa. Hawa wana adabu kuliko sisi, hawaingii bila kuitikiwa. Nani alimkaribisha?"

"Mimi," mama mkwe akasema. "Nilikuwa nacheza."

"Yeye hakuwa anacheza. Basi sikiliza, dada yangu. Mimi siwezi kumfukuza. Mgeni uliyemkaribisha kwa mdomo wako hafukuzwi, husindikizwa, na anayemsindikiza ni mwenyeji wake. Utamtoa kwa njia aliyoingilia. Ukifika naye anapotaka kufika, muage, ugeuke urudi. Usikae. Usile."

"Ni mbali?"

Bi Mkunga akaitazama miguu ya mama mkwe.

Walifanya hivyo siku ya pili yake, jua la utosi. Waliziba dirisha upya. Seremala aliletwa akakalishwa mahali pake nyuma ya taa, na mama yake akakaa kwenye kigoda kati ya taa na pazia, mgongo wima, mikono magotini. Mkasi na Bi Mkunga walikaa mbele, wanakokaa watazamaji. Mkasi ndiye aliyenyoosha mkono kupitia kando ya fremu na kuwasha taa, kwa sababu vidole vya mumewe vilikuwa havikunjiki.

Kwenye pazia kikatokea kivuli cha mama mkwe, kidogo, kimekaa. Na nyuma yake yule mrefu.

"Mgeni wetu," mama mkwe akasema. Hakutumia sauti yoyote ya mchezo. Ilikuwa sauti yake ya kawaida, ya kuuliza nani kafunga kuku. "Umefika, umekaa, umepumzika. Mwenye nyumba anakihitaji kiti chake. Inuka nikusindikize."

Harufu ya udongo ikawa nzito hata Mkasi akaihisi kwenye ulimi. Kisha kivuli cha mama mkwe kikasimama, ingawa kigoda hakikulia na hapakuwa na sauti ya nguo, kikampa mkono yule mrefu, na wawili hao wakaanza kutembea juu ya pazia, si kwenda kulia wala kushoto bali kwenda ndani, kana kwamba lile shuka lilikuwa na barabara, wakipungua kidogo kidogo, kimo cha mtu, kimo cha mtungi, kimo cha kidole, na Mkasi alipofungua mdomo amwite mama mkwe, Bi Mkunga akamfunika kwa kiganja na kumbana hivyo, wakatazama mpaka nukta mbili zikawa moja, na ile moja ikaisha, na mbele yao likabaki shuka tupu jeupe ambalo ndani yake, mbali sana, waliweza kusikia mtu akizungumza kwa upole.

Nyuma ya pazia Seremala akakohoa. "Naomba maji," akasema, na ilikuwa sauti yake.

Mkasi akataka kuinuka. Bi Mkunga akamkalisha. "Bado hajarudi."

Walingoja mpaka taa ikaanza kunuka joto. Hatimaye nukta ikaonekana, ikakua, ikawa mwanamke mmoja anayetembea pole pole, akafika, akakaa. Mkasi akazunguka pazia mbio. Mama mkwe alikuwa kwenye kigoda, kichwa kimeinama, anahema. Hakuwa ameinuka pale hata kidogo. Lakini miguu yake ilikuwa na tope hadi vifundoni.

Fremu ile waliichoma uani siku hiyohiyo. Seremala alikula sahani mbili, na kivuli chake kilikaa alipokaa. Kesho yake alikuwa ameunda fremu nyingine, ya mbao mpya za dukani zinazotoka utomvu.

Ila mama mkwe alikuwa amepungua maneno. Siku mbili kabla ya tamasha, wakiosha vyombo, Mkasi akamuuliza.

"Mama, kule ulimwacha vizuri?"

"Vizuri. Ana makao makubwa. Ni muungwana kweli, alinishukuru kwa kila kitu." Mama mkwe akaisuuza sahani, akaitazama. "Akasema ametutembelea, na mimi nikamtembelee."

Mkasi akaacha kuosha. "Ukamjibu nini?"

"Alikuwa hajaniachia mkono. Ungemjibu nini wewe? Nilimwambia sasa nina kazi. Nitakuja baada ya tamasha."

"Basi hatuendi." Sauti ya Mkasi ilikuwa inapasuka. "Nawaandikia leo tumejitoa. Miaka mitatu si kitu. Hatuendi, Mama."

"Tamasha litafanyika, twende tusiende," mama mkwe akasema. "Na nikikaa tu nyumbani nitaingoja siku hiyo kwa hofu. Afadhali niingoje nikiwachekesha watu. Mwanangu usimwambie. Amepona juzi tu."

Bi Mkunga, Mkasi alipomkimbilia, alisikiliza hadi mwisho akakaa chini kwenye kizingiti. "Nilimkataza kula," akasema. "Nilisahau kumkataza kuahidi."

Walionesha siku ya mwisho ya tamasha, alasiri, kwenye darasa la shule lililozibwa madirisha. Watu ishirini na sita walijibana kwenye nafasi za ishirini. Mama mkwe hakuwahi kufanya vizuri namna ile. Mzee mchoyo alipokubali kushindwa na kumkaribisha mgeni, bwana mmoja wa mstari wa mbele alicheka mpaka akadondosha miwani. Makofi yalikawia kwisha. Seremala alikuwa anafuta machozi, ya furaha, na mama yake akamshika shavu, akamwambia taa leo ilikuwa nzuri.

Kisha akachukua mkoba wake, akamwambia Mkasi, "Nitoe nje kidogo."

Kwenye mlango wa darasa mwanga wa alasiri uliwapiga machoni. Uwanja wa shule ulikuwa mweupe na mtupu. Nje ya kivuli cha jengo, pale palipoanza mwanga, kulikuwa na kivuli kingine kimelala juu ya mchanga, kirefu, hakina mwenyewe. Kimeinamisha kichwa, kinangoja.

Mkasi akaushika mkono wa mama mkwe kwa mikono yake miwili.

"Usiponiachia," mama mkwe akasema polepole, "atakuja kunichukua nyumbani. Na nyumbani kuna mume wako."

"Siwezi, Mama."

"Najua."

Walisimama hivyo. Ndani, Seremala alikuwa anapiga mluzi huku akifungua skrubu za fremu. Mkasi akausikiliza mluzi ule, akasikiliza pumzi za mwanamke aliyekuwa kando yake, na vidole vyake vikalegea kimoja kimoja, na kila kimoja alikijua ni yeye aliyekiachia.

Mama mkwe akajitengeneza kitambaa kichwani. Akashuka ngazi mbili, akavuka uwanja bila kugeuka. Vivuli viwili vilikwenda sambamba mpaka kwenye kona ya ukuta, na baada ya kona hapakuwa na hata kimoja.

Seremala akatokea mlangoni, waya wa taa begani, uso bado unang'aa kwa zile sifa.

"Mama yuko wapi?"

Mkasi akasogea kando kwenye ngazi, akamwachia nafasi.

"Njoo ukae kwanza," akasema.