Kamera Haiulizi

Soko la darajani, Surabaya, lilikuwa limefurika asubuhi hiyo, na Galih akamkanyaga mguu Wening, muuza tofu za soya za kukaanga.

"Macho umeyaacha nyumbani?" Wening aliuliza. Alivaa gauni la batiki la kijani na aproni yenye madoa ya mafuta, mwiko wa moto mkononi.

"Yalikuwa kwenye tofu zako. Nisamehe, Dik, mdogo wangu. Nipe tano."

"Kumi. Tano ni za mguu."

Alinunua kumi. Kesho yake akarudi, na keshokutwa pia. Galih alikuwa fundi wa kompyuta, mrefu, mwembamba, shati lake bado linapigwa pasi na mama yake. Wiki hiyo alikuwa anaijaribu kamera aliyoifunga juu ya daraja kwa niaba ya kamati ya mtaa. Mtu akitupa taka mtoni, kamera inamtambua kwa sura na picha yake inatokea kwenye skrini kubwa ya sokoni. Samaki walikuwa wanakufa, na Galih aliamini aibu itawaokoa.

Mwezi haukuisha wakawa wapenzi, na kila mchana Galih alimpigia simu.

"Umekula, mpenzi?"

"Nauza chakula, Mas. Nitakufaje njaa?" Alimwita Mas, yaani kaka, kama wanawake wa huko wanavyowaita wapenzi wao.

"Nilitaka sauti tu."

"Umeipata. Wateja wananingoja." Lakini hakukata.

Jumapili moja skrini ikamwonyesha Bu Tarmi, yaani Bi Tarmi, mama yake Wening, akirusha mfuko wa pampasi mtoni. Soko likaangua kicheko.

"Bu Tarmi, umekuwa nyota wa sinema," muuza samaki aliita.

Mama wa watu akajifunika uso kwa mtandio, akaenda nyumbani, na sokoni hakukanyaga tena.

Wening akampigia Galih. "Toa picha ya mama yangu."

"Nikimtoa yeye, wengine watasemaje? Alitupa kweli, Wening."

"Alitupa. Gari la taka linapeleka kila kitu kwenye moto, na yeye amelelewa akijua pampasi ya mtoto ikichomwa, mtoto anababuka matako. Alikuwa anamlinda mjukuu wake. Ulimuuliza?"

"Kamera haiulizi."

"Basi na wewe usiniulize kitu tena." Akakata simu.

Galih alikaa akirudia picha zote za kamera, akitafuta cha kumthibitishia kwamba yuko sahihi. Akajikuta mwenyewe. Siku ile ya kwanza amesimama darajani, mashavu yamejaa tofu, macho yako kwa Wening, na karatasi yenye mafuta inamtoka mkononi na kuangukia mtoni. Kamera haikumtangaza. Alipokuwa akiijaribu aliiambia iupuuze uso wake, kisha akasahau.

Asubuhi skrini nzima ilikuwa Galih; mwenyewe ndiye aliyejiweka.

"Fundi, mashavu kama chura," muuza samaki alisema, na Galih akasimama chini ya skrini hadi kila mtu alipomaliza kucheka. Kisha akaenda nyumbani kwa Bu Tarmi. Wening alikuwa mlangoni, mikono kifuani.

"Bu, nimekuja kuomba radhi," Galih alisema. "Nyuso zote nimezifuta, umebaki wangu tu. Kamera itaonyesha taka tu. Na pale darajani tunaweka sanduku la pampasi. Nimeongea na watu wa dampo, watazifukia. Hakuna moto."

"Una hakika watazifukia?" Bu Tarmi aliuliza.

"Nitapeleka mzigo wa kwanza mwenyewe."

"Na watakaoendelea kutupa?" Wening aliuliza.

"Nitashuka darajani niwaulize kwa nini."

Wening alishusha mikono. Galih akamgeukia.

"Na wewe je, sasa naruhusiwa kukuuliza?"

"Inategemea swali."

"Utakubali nikuoe?"

"Na huyo mama yako atakupigia pasi mpaka lini?"

"Nitajifunza."

"Basi nitakubali ukishajifunza," alisema Wening, lakini tayari alikuwa amemshika mkono.

"Uso wako bado uko kwenye skrini?" Bu Tarmi aliuliza.

"Nauondoa jioni hii, Bu."

"Uache mpaka harusi. Wageni wasipate shida kumjua bwana harusi."