Sema Kiwango Chako, Kisha Unyamaze

Jumamosi asubuhi maji yalifika katika mtaa wa Jericho. Lorraine alijaza mitungi huku cherehani ya mama yake ikinguruma ndani. Mama yake, Apondi, alishona majoho ya kwaya, na hakuna aliyemshinda kwa kola.

Mwanakwaya mmoja alisimama mlangoni. "Mama Lorraine, joho moja ni pesa ngapi?"

"Elfu mbili," alijibu Apondi. Mteja hakuwa amefungua kinywa kuomba apunguziwe. "Lakini kwa sababu ni wewe, elfu moja na mia tano. Ama ulete tu ulicho nacho."

Mteja alicheka, akashukuru, akaenda zake.

Siku hiyo Apondi hakujali hasara. Lorraine alikuwa amekaa bila kazi tangu kampuni ndogo aliyofanyia kazi ilipofungwa. Sasa kampuni kubwa ya teknolojia ilikuwa imemwandikia. Ilitaka awe meneja wa bidhaa, na ilitaka jibu kufikia Jumatatu.

"Meneja wa bidhaa," alisema baba yake, Otiende, ambaye alikuwa amestaafu kazi ya reli. "Utakuwa unahesabu magunia ya nini?"

Lorraine alicheka. "Hakuna magunia, Baba. Bidhaa yenyewe ni programu ya simu. Mimi huwauliza wateja wanasumbuliwa na nini. Kisha tunaamua na mafundi wa kompyuta kitengenezwe nini kwanza, na nini kingoje."

"Kumbe wewe ni kama stesheni masta! Unaamua treni ipi ipite."

"Ndivyo hasa."

Mshahara ulikuwa shilingi laki tatu na nusu kwa mwezi, kabla ya kodi na makato mengine. Nyumbani kwao hizo zilikuwa pesa nyingi. Hata hivyo, Lorraine hakutulia. Wenzake waliofanya kazi kama yake katika kampuni kubwa walilipwa karibu laki tano.

"Nafikiri niwaombe waongeze," alisema.

Cherehani ilinyamaza.

"Waongeze?" Apondi alishika kiuno. "Umepakuliwa sahani, unamrudisha mwenyeji jikoni akatafute nyama? Na wakimpa mtu mwingine hiyo kazi? Akina mama wa maombi wanakuja Jumapili ijayo kushukuru. Nitawaambia nini?"

"Mimi sikuwahi kuomba peke yangu," alisema Otiende. "Chama cha wafanyakazi ndicho kilichotusemea. Aliyemwendea bosi peke yake tulimwona msaliti."

Lorraine alikumbuka miezi aliyokaa bila kazi. Alichukua simu, akaandika: Nimekubali. Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe cha kutuma wakati jirani yao Nthoki alipobisha. Nthoki alikuwa amekuja kuchukua sketi yake. Kazi yake ilikuwa kuajiri watu katika kampuni moja ya bima.

"Mbona mmenuna hivi, na nyumba ina habari njema?" aliuliza.

Walimweleza, wote watatu kwa pamoja.

"Umeshatuma?"

"Bado, Anti."

"Basi weka simu chini." Nthoki aliketi. "Mimi huajiri watu kila mwezi. Kampuni ikishakuchagua, imetumia muda mwingi kukutafuta. Sijaona mtu akinyimwa kazi kwa sababu ameuliza kwa adabu. Wanaweza kusema hapana. Wakisema hapana, utaamua kama laki tatu na nusu zinakutosha. Wamekuweka daraja gani?"

Otiende aliinua kichwa. "Hata reli ilikuwa na madaraja!"

Lorraine alitazama barua. "Daraja la tatu."

"Na daraja la tatu ni la nani?"

Lorraine alisoma. "Ni la mtu anayefanya kazi kwa kuelekezwa na meneja mwingine."

"Nawe umekuwa ukielekezwa?"

"Hapana. Nimeongoza timu kwa miaka minne."

"Hapo ndipo penye shida," alisema Nthoki. "Kila daraja lina mshahara wa chini na wa juu. Ukianza daraja la chini, hata nyongeza za miaka ijayo zitahesabiwa kutoka huko chini. Kwa hiyo, usianze na pesa. Anza na daraja: omba la nne, linalofuata juu."

Otiende alipiga paja. "Kweli kabisa! Chama chetu kilidai daraja kwanza, mshahara ukafuata."

"Unaona, Mzee Otiende? Mambo ni yale yale. Ila huku hana chama, itabidi ajisemee."

"Niwaambie kodi ya nyumba imepanda?" aliuliza Lorraine.

"Hapana. Kodi ni shida yako. Waambie kazi uliyofanya."

Lorraine aliwaza. "Wenye maduka wa Eastleigh walikuwa wameiacha programu yetu. Nilikaa madukani mwao nikiwasikiliza, tukaibadilisha, nao wakarudi."

"Hiyo sasa ni sababu."

"Na hizi hisa walizoahidi?"

"Hisa ni sehemu ndogo ya kampuni. Hupewi zote leo. Zinakuja kidogo kidogo kwa miaka kadhaa, na ukiondoka mapema unaacha zilizobaki. Thamani yake hupanda na kushuka. Zifurahie, lakini usizipangie unga wa kesho."

"Mwambie huyo bosi kampuni nyingine pia inakutaka," alinong'ona Otiende.

"Baba Lorraine!" alishangaa Apondi. "Nawe ni mzee wa kanisa!"

"Uongo hauna faida," alisema Nthoki akicheka. "Wakiuliza ni kampuni gani, utasema nini? Haya, tujaribu. Mzee, wewe uwe bosi."

Otiende alikunja uso na kutoa kifua. Lorraine alisema, "Ningependa daraja la nne, na mshahara wa laki tano."

Otiende alinyamaza. Alimtazama tu.

"Lakini hata ile ya kwanza ni sawa," aliongeza Lorraine haraka.

"Umejipunguzia mwenyewe!" alipaza sauti Nthoki. "Hakuna aliyekuomba upunguze. Sema kiwango chako, kisha unyamaze. Mwache mwenzako afikiri."

Walirudia. Safari hii Lorraine alinyamaza. Otiende naye alinyamaza. Apondi ndiye aliyeshindwa.

"Jamani, bosi anywe chai basi!"

Wote waliangua kicheko.

Jumatatu Lorraine alimpigia Wakoli, ofisa wa ile kampuni. Alishukuru kwanza. Alieleza kuhusu timu na maduka ya Eastleigh. Kisha akasema, "Kwa hiyo ningependa daraja la nne, na mshahara wa laki tano."

Simu ilikaa kimya. Maneno yale ya kujipunguzia yalimjaa mdomoni. Aliyameza. Kando yake, Apondi alikuwa ameziba kinywa chake kwa leso.

"Nimekuelewa," alisema Wakoli hatimaye. "Nitazungumza na wenzangu."

Apondi alikaa siku mbili bila kula vizuri. Jumatano simu ililia. Kampuni ilikubali daraja la nne. Haikutoa laki tano. Ilitoa laki nne na elfu sitini.

"Naomba hayo yaandikwe kwenye barua mpya, nami nitaijibu," alisema Lorraine. Barua ilipofika aliisoma yote, kisha akatia sahihi.

Jumapili akina mama wa maombi waliimba hadi jioni. Nthoki alipewa kiti cha mbele. Otiende alimweleza kila mgeni kazi ya meneja wa bidhaa, na kila mara alianza na stesheni masta.

Wageni walipoanza kuondoka, kiongozi wa kwaya ya kanisa jirani alibaki nyuma akishika kola ya joho. "Mama Lorraine, kazi safi. Moja ni pesa ngapi?"

Lorraine, aliyekuwa akikusanya vikombe, alisimama.

"Elfu mbili," alisema Apondi.

Midomo yake ilicheza. Aliokota joho jingine, akauma uzi uliokuwa umening'inia, akaendelea kuuma hata baada ya uzi kukatika.

Kiongozi wa kwaya aligeuza joho, akatazama mishono ya ndani.

"Sawa," alisema. "Tushonee kumi na mbili."